Mtoto akidhulumiwa karibu nawe: mwongozo kamili kwa wakaaji wa Lubumbashi

Katika lupango (kiwanja kimoja chenye vyumba) ya Katuba au ya Kenya, komini za mji wetu, mnaweza kukaa familia nne. Choo kimoja, bomba moja, mlango mmoja wa kutokea barabarani. Mtoto akipigwa usiku, kila chumba kinasikia. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kwetu dhuluma kwa watoto inafichika. Inajulikana vizuri. Inazungumzwa kwenye foleni ya maji, kisha mzee mmoja wa ukoo anaitwa, kikao kinakaa, pesa au mbuzi inatoka, na mtoto anarudi kulala chini ya paa lile lile.

Mwongozo huu ni wa yule jirani, shangazi, mwalimu au mama wa kanisa ambaye tayari anajua kitu na anashindwa aanzie wapi. Ushike jambo moja kabla ya mengine yote: hukupewa kazi ya kupeleleza wala ya kuhukumu. Umfikishe mtoto mbele ya wenye kazi hiyo, mapema, kabla alama hazijafutika mwilini na kabla kikao cha familia hakijamfunga mdomo.

Sheria unayoweza kuitaja

Huhitaji kuwa mwanasheria, lakini ukijua majina matano ya sheria, watu wa ofisini wanakusikiliza kwa sikio lingine. Katiba ya Kongo (DRC) ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtelekeza mtoto, kumtesa, kumdhulumu kingono na kumsingizia uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ndiyo sheria ya ulinzi wa mtoto; kwake mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006, namba 06/018 na 06/019, zinahusu ukatili wa kingono na namna kesi zake zinavyoendeshwa. Na tangu marekebisho ya Sheria ya Familia ya 2016, hakuna ndoa chini ya miaka 18, awe msichana au mvulana.

Kumbaka mtoto kunaadhibiwa kwa kifungo cha miaka 7 hadi 20. Maneno "lakini msichana alikubali" hayana uzito wowote mtoto akiwa chini ya miaka 18. Utayasikia sana, hata kutoka kwa watu wenye elimu.

Kusoma alama za mwili

Mtoto anayecheza huanguka. Anaumia magoti, viwiko, paji la uso, muundi, yaani pale ambapo mfupa uko karibu na ngozi. Alama za kutia wasiwasi ni za sehemu laini au zilizojificha: masikio, mashavu, shingo, tumbo, mgongo, makalio, mapaja kwa ndani. Mtoto mchanga ambaye hata kutambaa hajaanza hana njia ya kujigonga mwenyewe. Ukiona alama ya kipigo kwa mtoto wa miezi 3, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maelezo ya wazazi ni matamu.

Tazama pia umbo la alama. Waya wa umeme uliokunjwa huacha mstari wenye kitanzi mwishoni. Fimbo na mkanda huacha mistari miwili inayokwenda sambamba. Sigara huacha kiduara kidogo chenye ukingo safi. Maji ya moto yaliyomwagika kwa ajali huacha michirizi isiyo na mpangilio, lakini mguu uliozamishwa kwa nguvu unaungua kwa mpaka ulionyooka kama soksi, na mara nyingi ni miguu yote miwili. Kwa kuwa mbabula zetu, majiko ya makaa, zinawekwa chini, ajali za moto ni nyingi kweli, kwa hiyo usimrukie kila mama mwenye mtoto aliyeungua kiganja.

Kuna vitu vinavyodanganya jicho. Watoto wetu wengi huzaliwa na doa la rangi ya bluu au kijivu kwenye makalio au kiuno. Ni la asili, hufifia lenyewe, na haliumi likiguswa. Chale za dawa za kienyeji si alama za kipigo. Mtoto mwenye kwashakoo huvimba miguu na ngozi yake hubanduka hata ukadhani ameunguzwa. Huyo anahitaji matibabu ya utapiamlo kwanza, na maswali baadaye. Vidonda vya usaha vinavyoambukiza vinaweza kufanana na moto wa sigara. Daktari atatofautisha, wewe usitangaze hukumu barabarani.

Kinachosema zaidi kuliko alama yenyewe ni hadithi inayoambatana nayo. Asubuhi mtoto alianguka kitandani, jioni alipigwa na mwenzake shuleni. Mkono umevunjika tangu Jumatatu na ameletwa Alhamisi. Unamuuliza mtoto, naye anamtazama kwanza mtu mzima ndipo ajibu. Hadithi ikibadilika mara mbili, andika zote mbili pamoja na tarehe.

Umaskini si dhuluma

Hapa ndipo watu wema wanapoharibu mambo. Mtoto mwenye nguo moja, anayekula bukari mara moja kwa siku kama mama yake anavyokula mara moja, hadhulumiwi na mama yake. Familia hiyo inahitaji msaada, na ukimpelekea polisi umeiongezea shida. Ninachotazama mimi ni tofauti kati ya watoto wa nyumba moja. Watatu wanakwenda shule, wa nne anafua nguo zao, ingawa shule za msingi za serikali hazilipishi karo tangu 2019. Watatu wananenepa, wa nne nywele zimekuwa nyekundu na tumbo limetangulia. Mara nyingi huyo wa nne ni mtoto wa kambo, yatima wa marehemu ndugu, au msichana aliyeletwa kutoka kijijini "kusoma mjini" na hajawahi kuliona darasa.

Kuna uzembe ambao hauna ubaguzi ndani yake ila unaua vile vile: kuwafungia watoto chumbani na kufuli huku mbabula inawaka. Moshi wa makaa usioonekana huwalaza moja kwa moja, na nyumba ikishika moto hakuna pa kutokea. Nimesikia majirani wakimtukana mama anayefanya hivyo. Wachache humwuliza anamwachia nani watoto anapokwenda sokoni saa kumi na moja alfajiri. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipowaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kuanzia 2003, pamoja na mshahara ziliondoka shule na hospitali za kampuni, na mama wengi wa mji huu wakawa ndio wanaobeba nyumba. Mtoto wa miaka 9 akawa mama wa wadogo zake. Kwa kesi ya namna hii, jirani mmoja mzee anayekubali kukaa na watoto hadi saa sita ana faida kuliko askari wawili.

Kazi nayo ina mpaka. Kuchota maji na kuosha vyombo baada ya shule ni malezi. Kuuza mifuko ya maji kwenye magari hadi usiku, kuvunja mawe, kuosha madini mtoni au kubeba magunia ni kitu kingine. Sheria ya 2009 inataka mtoto awe ametimiza miaka 16 ndipo aajiriwe, tena kwa kazi nyepesi isiyoharibu afya yake, na machimbo hayamo humo.

Dhuluma ya kingono mara nyingi haionekani

Watoto wengi walioguswa au hata kubakwa hawana alama yoyote ambayo mama anaweza kuiona. Kwa hiyo "nilimtazama, hana kitu" si jibu. Kuna dalili za mwili: maumivu anapokojoa au kutembea, damu au uchafu kwenye chupi, ugonjwa wa zinaa kwa mtoto, mimba. Lakini zinazotokea zaidi ni za tabia. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena. Anakataa kwenda kwa mtu fulani ambaye zamani alimkimbilia. Anajua mambo ya watu wazima yasiyolingana na umri wake na kuyafanya kwenye michezo. Msichana wa miaka 13 ana simu au mafuta ya gharama na hasemi vimetoka wapi. Mvulana naye, ambaye watu wanamsahau kabisa, anakuwa mkali ghafla au anatoroka nyumbani.

Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Zikikusanyika mbili tatu, na zilianza ghafla, karibia.

Na mtendaji ni nani? Mara nyingi ni mtu ambaye nyumba inampa kiti: binamu aliyekuja kutafuta kazi, mwalimu anayekuja kumfundisha mtoto nyumbani, mpangaji wa chumba cha nyuma, mtumishi wa kanisa, baba wa kambo, baba mwenyewe. Huanza na zawadi ndogo, kisha anatafuta nafasi ya kubaki peke yake na mtoto, kisha siri. Shuleni tunayo hata jina tunalolitaja kwa kicheko, "pointi za kitandani", yaani maksi zinazolipwa kwa ngono. Kicheko hicho kinawapa walimu hao ruhusa.

Mtoto anapokuambia

Ataongea siku usiyoitarajia, labda mkichambua sombe, na ataanza na kipande kidogo ili apime uso wako. Uso ukibadilika, anafunga. Endelea na unachokifanya, punguza sauti, msikilize hadi mwisho.

Maneno matatu yanatosha kwa kuanzia: "Nakuamini. Si kosa lako. Umefanya vizuri kuniambia." Usiseme "kwa nini hukusema zamani?", kwa sababu atasikia lawama. Akikuomba usimwambie mtu, usimwahidi. Mwambie hivi: "Mwanangu, nitawaambia watu wachache tu wanaoweza kukulinda, na kila nitakalofanya nitakueleza wewe kwanza."

Uliza kidogo, tena maswali yaliyo wazi: "Nielezee." "Kisha ikakuwa nini?" Usimtajie jina, kamwe. Ukimwuliza "ni tonton (mjomba) ndiye alikushika?" na akaitikia kwa kichwa, umemwachia wakili wa upande wa pili mlango wa kusema kwamba mtoto alifundishwa. Unahitaji kujua mambo matatu basi: nini kimetokea, nani, na je, mtu huyo ataweza kumfikia mtoto usiku wa leo. Mengine yatahojiwa na waliofunzwa.

Akimaliza, toka pembeni uandike maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chake cha kitoto, usiyatafsiri wala kuyatengeneza. Weka tarehe, saa na mahali. Karatasi hiyo usiipige picha ukaituma kwenye kundi la familia. Kuna mtoto yeyote atakayerudi darasani kwa amani wakati Kampemba nzima imesoma habari yake?

Saa za kwanza

Ikiwa ni ubakaji au unashukiwa, daktari anatangulia polisi. Watu wengi hufanya kinyume, wanashinda siku mbili kwenye madawati ya ofisi wakitafuta karatasi, na muda wa dawa unapita.

Saa 72 ni mpaka wa dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake. Msichana aliyeanza kupata hedhi, au anayeikaribia, anaweza kupewa dawa ya kuzuia mimba ndani ya saa 120, yaani siku 5. Kuna pia dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B na ya pepopunda. Hospitalini uliza kwa jina: "kit PEP". Hospitali ya Sendwe inajulikana na kila mtu, lakini kituo cha afya cha karibu chenye kit kinafaa kuliko hospitali kubwa utakayoifikia kesho. Saa 72 zikiwa zimepita, nenda hata hivyo. Mimba, maambukizi na majeraha bado yanatibika, na cheti cha daktari bado kina thamani.

Kabla ya kwenda, mtoto asioge na asibadilishe nguo kama anaweza kuvumilia. Kama amekwisha kubadilisha, weka nguo kwenye mfuko wa karatasi au zifunge kwenye kitambaa safi kikavu. Mfuko wa plastiki huzitia unyevu na kuziozesha. Kama amekwisha kuoga, usimkaripie.

Mtoto ana haki ya kufuatana na mtu anayemwamini ndani ya chumba cha uchunguzi, na kuelezwa kila kitu kabla ya kuguswa. Hachunguzwi kwa nguvu. Akikataa leo, dawa anaweza kupewa hata bila uchunguzi. Omba cheti cha daktari kinachoeleza alichokiona, na tengeneza nakala mara moja. Nakala moja ikae kwa mtu asiyekaa katika nyumba hiyo.

Kwa kipigo kikali, usikubali mtoto aliyepigwa kichwani alale "apumzike". Kutapika, usingizi usio wa kawaida, damu sikioni au puani, ni kukimbia.

Kushtaki: mlango upi, na ubebe nini

Mtu yeyote anaweza kutoa taarifa. Si lazima uwe mzazi, si lazima uwe na ushahidi kamili. Shaka yenye msingi inatosha. Milango ni mitano, na huna ulazima wa kupita yote.

Polisi wana kikosi chao cha kulinda watoto na kuzuia ukatili wa kingono, kinachojulikana kwa herufi EPEVS. Ukiingia kituo cha kawaida, omba uelekezwe huko, na omba afisa mwanamke kama mtoto ni msichana. Mlango wa pili ni parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, ambako unaweza kupeleka malalamiko ya maandishi moja kwa moja. Wa tatu ni Idara ya Mambo ya Jamii, DIVAS, yenye wasaidizi wa kijamii. Huu ndio mlango wangu wa kwanza pale ambapo hakuna mhalifu wa kukamatwa leo, bali mtoto anayetelekezwa. Wa nne ni RECOPE, mtandao wa kujitolea wa ulinzi wa watoto katika kartye (mtaa), kama upo kwenu. Wanajua nani wa kumpigia. Wa tano ni jaji wa Mahakama ya Watoto, ambayo iliundwa na sheria ile ya 2009 na inashughulika na mtoto aliye katika hali ngumu. Mtu mzima aliyebaka mtoto hahukumiwi huko. Kesi yake inakwenda Mahakama Kuu, ile tunayoiita Grande Instance.

Shefu wa kartye je? Mwambie, kwa heshima, kwa sababu anawajua watu na anaweza kukusindikiza. Lakini yeye si jaji. Akikuambia "tuketi kwanza, tuongee", mshukuru papa huyo na uendelee na safari.

Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kadi yake ya chanjo, karatasi yako ya maelezo, cheti cha daktari kama kipo, na anwani kamili: komini, kartye, avenyu, namba. Sema kwanza lililotokea, lini, wapi, nani, halafu historia ya familia kama wataiuliza. Wengi wetu tunaanza na "mwanamke huyu tangu aingie katika ukoo wetu..." na afisa anaacha kuandika.

Sasa sikiliza, kwa maana hapa kesi nyingi hufia. Unaongea Kiswahili, lakini maelezo yanaandikwa kwa Kifaransa. Usitie sahihi kabla hujasomewa yote kwa Kiswahili. Kama kuna neno halikutoka kinywani mwako, liondolewe. Chukua namba ya faili na jina la OPJ, afisa wa upelelezi, anayeishika. Kushtaki hakuna bei. Ukiambiwa ulipe karatasi au mafuta ya gari, mjibu kwa utulivu kwamba utaliuliza jambo hilo parke, na mara nyingi mafuta hupatikana. Familia isiyo na uwezo inaweza kuomba cheti cha ufukara, kinachosaidia kwenye gharama za mahakama, na chama cha mawakili kina ofisi ya ushauri wa bure.

Mtu akikamatwa, polisi hawezi kumweka zaidi ya saa 48 bila kumpeleka mbele ya mamlaka ya mahakama. Ndiyo maana unamwona mtu aliyekamatwa Jumanne anakunywa bia Ijumaa, na mtaa mzima unasema amewanunua polisi. Labda amenunua. Labda faili haikusogea tu. Siku inayofuata kukamatwa, uwe parke na ile namba mkononi, uulize imefika. Na mtoto asihojiwe na kila mtu anayeingia: omba ahojiwe katika chumba cha pekee, na mahakamani omba kesi isikilizwe bila umati.

Kikao cha familia

Watakuja. Usidhani ni watu wabaya. Wengine ni wazee waliozoea kwamba ugomvi kati ya nyumba mbili unamalizwa kwa kukaa chini, na kwa mambo mengi wana haki. Kwa ubakaji wa mtoto, hapana. Sheria 06/019 inasema waziwazi kwamba hata faini ya maelewano ikilipwa, mashtaka ya ukatili wa kingono hayafi. Na kumwozesha msichana wa miaka 15 kwa aliyembaka ni kosa juu ya kosa.

Ukikaa mbele yao, usibishane juu ya aibu ya ukoo, utashindwa. Mimi humtafuta mzee mwenye busara zaidi na kumwambia: "Papa, amani kati ya familia zetu tutaitafuta, na wewe ndiwe utatuongoza. Lakini jambo la mtoto limekwisha kuingia parke, na mimi sina mamlaka ya kulitoa." Hii inampa mzee kazi ya heshima na inalitoa faili mezani. Kama familia ya mtoto inahitaji fidia kweli, ya matibabu na ya shule, jaji anaweza kumwamuru mtendaji alipe. Iombwe mahakamani, pamoja na hukumu.

Ugumu mkubwa ni pale mtendaji anapokuwa ndiye mwenye kulipa kodi ya nyumba. Mama anajua akizungumza watalala nje. Kwa hiyo kabla hujamsukuma mama huyo aende polisi, mtafutie mahali pa kulala na watoto kwa wiki chache: kwa nkambo (bibi au babu), kwa dada yake mwingine, kwa watawa. Mama mwenye kitanda kingine huwa anasema ukweli. Na pale inapowezekana, atoke mtu mzima, si mtoto. Mtoto anayehamishwa mara tatu anajifunza kwamba yeye ndiye aliyeadhibiwa.

Mtoto anaposingiziwa uchawi

Hii inahitaji mahali pake, kwa sababu dhuluma hii inakuja ikiwa imevaa suti na kushika Biblia. Kwanza kuna msiba, au baba amefukuzwa kazi, au mama wa kambo hapati mimba. Kisha macho yanamgeukia mmoja: yule anayekojoa kitandani, mwenye kifafa, mwenye ulemavu au ngozi nyeupe, anayeongea usingizini, yatima ambaye hana wa kumtetea. Anapelekwa chumba cha maombi. Anafungishwa bila kula wala kunywa, ananyolewa, anatiwa pilipili machoni, anapigwa "ili pepo litoke". Akikiri kwa sababu ya njaa, kukiri kwake kunakuwa uthibitisho. Wengi wa mashege, watoto wa barabarani, unaowakwepa kwenye masoko walianzia hapo.

Ukiona maneno hayo yameanza nyumbani kwa jirani, ingia mapema, kabla pasta hajatoa unabii, maana baadaye familia inaona aibu kurudi nyuma. Usibishane kama uchawi upo au haupo. Hutamaliza, na muda wa mtoto unakwisha. Shughulika na sababu. Kifafa kina dawa. Kukojoa kitandani kunaweza kuwa ugonjwa, au hofu. Mwombe nkambo wa upande wa pili amchukue mtoto kwa muda "apumzike", neno ambalo halimwaibishi mtu yeyote. Mtoto akiwa amekwisha kufungiwa, hakuna diplomasia tena: nenda polisi au parke siku hiyo. Kifungu cha 160 cha sheria ya 2009 kinampa kifungo cha mwaka 1 hadi 3 anayemsingizia mtoto uchawi, awe mzazi au mtumishi wa Mungu, na kipigo kinahesabiwa kando.

Mtoto ambaye tayari yuko barabarani usimrudishe kwa nguvu nyumbani alikofukuzwa. Wasalesiani wa Don Bosco wana nyumba ya Bakanja hapa mjini, ambako wavulana wa barabarani hupokelewa na familia zao kutafutwa polepole. Kwa wasichana, anza na DIVAS.

Kuzuia, kwa vitu vidogo

Mfundishe mtoto majina ya sehemu zote za mwili wake, bila kuona haya. Mtoto anayesema "aligusa kile kitu" haeleweki. Mwambie kwamba katika nyumba yenu hakuna siri ya mwili, na kwamba anaweza kumkatalia mtu mzima busu au kupakatwa, hata mgeni akikasirika. Kwa malezi yetu ya heshima hili ni gumu. Najua. Lakini mtoto aliyefundishwa kutii kila mkubwa atamtii na huyo.

Panga upya mahali pa kulala. Mgeni wa kiume asilale chumba kimoja na watoto, hata akiwa ndugu wa tumbo moja, mtandikie sebuleni. Usiku mtoto asitumwe peke yake kununua lutuku (pombe kali ya kienyeji) ya baba, wala asiende choo cha nje bila mtu, hata ikiwa ni kumwekea ndoo chumbani. Mwalimu wa nyumbani afundishie barazani, pale jirani anapoona. Shuleni, kamati ya wazazi iulize swali moja kwa mkurugenzi: mtoto akidhulumiwa na mwalimu, anamwambia nani, na mtu huyo akipata habari anafanya nini? Jibu likiwa ni kutafuna maneno, mkutano ujao ujazeni.

Kuhusu fimbo, sitakuhubiria. Nasema tu kwamba vipigo vingi vinavyofika hospitali vilianza kama adhabu ya kawaida ya mtu aliyechoka. Ukiwa na hasira, toka nje, nawa uso, adhabu isubiri. Mnyime mchezo wa mpira jioni, mrudishie kazi aliyoharibu aifanye upya, mwache asikie uchungu wa kosa lake mwenyewe.

Na mwandikishe mtoto. Ndani ya siku 90 tangu azaliwe, tangazo la kuzaliwa kwenye ofisi ya komini ni bure. Muda ukipita itabidi upate hukumu ya kuziba pengo hilo kutoka Mahakama ya Watoto, ambayo ni kazi na gharama, lakini ifanye. Siku ya kesi, kitu cha kwanza ambacho upande wa mtuhumiwa utajaribu kusema ni kwamba msichana ana miaka 18 au 19. Kama hakuna cheti, mtaanza kutafuta kadi ya ubatizo, kadi ya chanjo, ushahidi wa mkunga. Kikiwepo, mjadala wa umri unaisha asubuhi hiyo hiyo.